Walinzi Watatu wa Bi Rukia

Vijana wangu wa karakana, siku mliyoniaga mlinipa keki na saa ya ukutani. Keki niliila. Saa nimeitundika sebuleni na kila nikiitazama nacheka, maana mmempa saa mtu ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake hana pa kuwahi. Mkanambia pia, "Mama Fundi, tuandikie uliyoyaona, tusije tukayarudia." Haya, naandika. Mtayarudia vilevile, nawajua nyinyi, lakini angalau mtayarudia mkicheka.

Habari za vyeo na mishahara msizingoje hapa. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mshahara mnaujua wenyewe. Naanza na siku ya kwanza, kwa sababu siku hiyo nilipiga ukelele ambao jengo zima la ofisi liliusikia.

Nilikuwa nimetoka Muheza, binti wa mkata mkonge na mama mwimba kwaya, sketi imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Mwalimu wangu alikuwa Fundi Mhando, mzee mwembamba aliyetengeneza mashine za chapa kabla kompyuta hazijafika mjini. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanitia mkononi brashi ya kupakia rangi. Mimi nilitarajia vyombo vya maana. Akasema, "Nusu ya kazi yetu ni kufagia, binti. Nusu ya pili ni kuwasikiliza watu wakikueleza ambayo hayakutokea." Nikafungua kompyuta ya kwanza ya maisha yangu, na mjusi aliyekuwa amejilalia humo kwenye joto lake akaniingia kwenye mkono wa blauzi. Yarabi! Niliruka, kiti kikaruka, na ukelele ndio huo niliowaambia. Fundi Mhando hakuinua hata kichwa. "Vizuri," akasema. "Sasa mmefahamiana."

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba hewa ya Tanga ina chumvi, na chumvi haina adabu, inakula skrubu, inakula soketi, inakula hata bisibisi usipoipaka mafuta. Ndiye aliyenifundisha kusugua meno ya kadi ya kumbukumbu kwa raba ya kufutia, ile ya watoto wa shule. Mnanicheka na raba yangu, lakini nimefufua nayo mashine ambazo zilikwisha kusomewa hitima. Na ndiye aliyenipa swali ambalo nimelibeba mpaka nimestaafu. Alisema, "Usimuulize mtu kompyuta yake ina nini. Angejua asingekuja. Muulize inaanza lini, akiwa ametoka kufanya nini."

Lini. Neno dogo, na limeniokoa mara nyingi mno. Nilikuwa na bwana mmoja wa mtaa wa Nguvumali, kompyuta yake inazimika kila Jumapili asubuhi, siku nyingine nzima kabisa. Wenzangu wakabadilisha hiki na kile. Mimi nikaenda Jumapili, nikakaa nikanywa chai. Familia ikaanza kujiandaa kwenda kanisani, pasi ikachomekwa kwenye waya uleule wa kompyuta, na pap, kompyuta ikalala. Nikamalizia chai yangu. Bwana alikasirika kidogo kwamba dawa ilikuwa kununua waya mwingine, alitaka ugonjwa wenye hadhi zaidi.

Lakini leo nataka niwape moja tu kwa kirefu, ile ya mwisho, ya wiki ileile niliyowakabidhi funguo. Ni ya Bi Rukia wa Makorora, na mpaka sasa nikiikumbuka nikiwa peke yangu jikoni nacheka mpaka jirani anauliza kulikoni.

Bi Rukia ni shoga yangu wa siku nyingi. Ni mjane mwenye mabinti watatu, na nyumbani kwake ana kompyuta ya mezani, lile sanduku ambalo waliomo nyumbani wanaliita sipiyu, na kioo chake kikubwa. Wawili wa mabinti walikuwa wameshaolewa. Wa mwisho, Mwanahamisi, alikuwa aolewe Ijumaa ya wiki ile. Jumatatu Bi Rukia akanijia nyumbani, hajavua hata viatu vizuri, akasema, "Mama Fundi, nistiri. Kompyuta yangu inaganda."

"Inaganda vipi?"

"Inaganda! Kishale kinasimama, picha inasimama, ukibonyeza haisikii, mpaka uizime kwa nguvu. Na Ijumaa ndiyo siku."

Hapo nikamkalisha, anieleze tangu mwanzo. Mnajua taratibu za akdi huku kwetu. Wanaume wako msikitini, ndoa inafungwa huko, na wanawake wako nyumbani na bibi harusi. Habari inakuja baadaye, mtu anaingia mbio anasema tayari, ndipo vigelegele vinapigwa. Bi Rukia ameozesha wawili na hakuna akdi aliyoiona. Ya binti wa kwanza alikuwa nyuma ya nyumba analinda pilau lisiungue. Ya pili vilevile, mwiko mkononi, akasikia vigelegele vya watu wengine ndiyo akajua mwanawe ameshakuwa mke wa mtu. Safari hii vijana walikuwa wameomba ruhusa msikitini, akdi itarushwa kwa simu moja kwa moja mpaka nyumbani.

Nikamwuliza, "Si utazame kwenye simu?"

"Macho yangu haya?" akasema. "Kwenye simu mimi naona kanzu nyeupe tu, bwana harusi na shehe wote mamoja. Kwenye kile kioo kikubwa ndiyo naona. Mwenzangu, huyu ndiye wa mwisho. Sina mwingine wa kuozesha. Nisipomwona huyu, basi tena."

Nikamwambia kesho asubuhi nipo kwake.

Jumanne nikaenda na mkoba wangu. Nilipofungua ile sipiyu nilipigwa na harufu ya udi, nikarudi nyuma. Katika miaka yangu yote ndiyo kompyuta pekee niliyoifungua ikanukia kama chumba cha maharusi. Bi Rukia akaangalia pembeni. "Jirani aliniambia ina jini," akasema. "Nikaifukiza."

"Kwa nini jini?"

"Kwa sababu asubuhi nzima inakwenda kama maji. Nikienda kuswali adhuhuri, nikirudi, imeganda."

Vijana wangu, nilisikia sauti ya Fundi Mhando kabisa. Lini! Huyu mama alikuwa amenipa lini bila ya kuulizwa. Nikamwambia, "Shoga, jini anayejua saa vizuri hivyo, huyo kaajiriwa."

Hata hivyo nilifuata utaratibu, kwa sababu ujanja bila utaratibu ni kubahatisha. Nikaipiga brashi. Nikasugua kumbukumbu kwa raba yangu. Nikaangalia feni, inazunguka. Nikapima diski, nzima. Nikakaa nikangoja. Adhana ya adhuhuri ikalia, Bi Rukia akaenda kutawadha, na mimi nikabaki nimekitumbulia macho kile kitaa chekundu mbele ya sipiyu, kinachopepesa diski ikifanya kazi. Kikaanza kupepesa. Kikapepesa kwa kasi, kikapepesa kama mtu aliyeingiwa na mdudu jichoni, kisha kikawaka moja kwa moja bila kupumzika, na kishale kikasimama katikati ya kioo. Imeganda. Nikapiga makofi kwa furaha. Bi Rukia anatoa salamu kwenye mswala, ananikuta nacheza.

"Umemwona?" akauliza.

"Bado, lakini nimeshamsikia anavyotembea."

Nikaizima nikaiwasha upya kwa ile njia ya kuiamsha na vitu vya lazima tu, vingine vyote vimebaki usingizini. Ikaenda kama maji. Basi mwenye kosa ni mmoja wa wale waliolala. Nikaiwasha kawaida, nikafungua ukurasa unaoonyesha nani ndani ya mashine anatumia nguvu nyingi, na hapo juu kabisa nikawakuta wamepangana. Antivairasi. Siyo moja. Tatu!

Mnajua wenyewe, lakini nawaandikia ili mje muwaeleze wateja. Programu ya ulinzi kazi yake ni kukagua kila faili linalofunguliwa. Ukiwa na moja, sawa. Ukiwa na tatu, ya kwanza inashika faili ikague, ya pili inaona kuna mtu kashika faili inamkagua yeye, ya tatu inawashuku wote wawili. Faili moja linagombaniwa na watatu, mwenye nyumba anangoja mlangoni. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa walikuwa watatu na zizi lenyewe la zamani.

"Bi Rukia," nikasema, "nani kakuwekea hii?"

Akatazama ile alama pembeni mwa kioo, akatabasamu. "Hiyo ya mkwe wangu Twaha." Twaha ndiye mume wa binti mkubwa, ana duka la simu hapahapa mjini. "Alikuja Idi akaona nafungua barua za ajabu, akasema mama utaibiwa. Akanitilia."

"Na hii?"

"Ya Salimu." Mume wa binti wa pili, mwalimu kule Muheza. "Alikuja na mbuzi na hiyo."

"Hakuiona ya Twaha?"

"Aliiona! Akasema ya kaka mkubwa hawezi kuigusa, si adabu. Akaweka yake pembeni."

"Na hii ya tatu?"

"Ya Bakari." Bakari wa Tongoni, bwana harusi mwenyewe. "Siku ya posa walileta halua, wakaleta doti za kanga, na yeye akaomba ruhusa akanitilia hiyo. Mashallah, kijana ana heshima."

Nilikuwa nimeshaanza kutetemeka kwa kicheko, nikajizuia. "Sasa niambie, walikuuliza saa gani huitumii kompyuta?"

Akashangaa. "Umejuaje? Wote waliniuliza. Nikawaambia adhuhuri, nikiwa naswali."

Basi nikashindwa, nikacheka mpaka nikakaa chini. Vijana wenye adabu zao! Kila mmoja peke yake, kwa mapenzi na heshima, alipanga mlinzi wake afanye ukaguzi mkubwa wa mashine nzima wakati mama mkwe yuko kwenye mswala, asije akamsumbua. Wote watatu saa ileile. Na akdi ya Ijumaa ilipangwa lini? Mara tu baada ya swala ya Ijumaa. Ile nyumba ingeganda na harusi yake yote.

"Dawa ni rahisi," nikasema. "Nabakisha mmoja, wawili natoa. Hata nikiwabadilishia saa haitoshi, wakikaa macho pamoja watagombana tu."

"Thubutu!" Alishika ule mkono wangu uliokuwa na mausi. "Huwezi kutoa kitu cha mkwe. Fundi mmoja mwaka huu alitoa ya Salimu. Salimu alipokuja alitazama pale pembeni, alama yake haipo. Hakusema kitu. Alikula wali vijiko viwili, akaaga. Vijiko viwili, Mama Fundi! Mwanangu alinipigia simu analia, anauliza mumewe kakosa nini kwetu. Ikabidi nimwombe Salimu aje airudishe."

"Basi waambie wenyewe waziondoe."

"Mimi? Nimwambie mkwe wangu zawadi yake inanidhuru?" Akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Uso wangu nitauweka wapi?"

Na kutoka chumba cha ndani Mwanahamisi naye akapaza sauti, "Na ya Bakari isiguswe kabla ya akdi! Si bahati njema!"

Nilikaa pale na mausi mkononi. Nilikuwa najua ugonjwa, najua dawa, na siruhusiwi kuitoa. Darasani hakuna anayekufundisha hapo pa kupitia. Halafu nikamtazama Bi Rukia, nikakumbuka jinsi ndoa zenyewe za nyumba ile zilivyopatikana. Kuna mtu aliyetumwa. Mambo mazito ya ukweni hayapiti mdomoni kwa mwenyewe, yanapita kwa mshenga.

"Bi Rukia," nikasema, "nitume."

"Nikutume wapi?"

"Kwa wakweo. Niwe mshenga wa kompyuta."

Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Kisha mabega yakaanza kumcheza, akacheka, na kwenye kucheka akaenda kuchukua kanga mpya akanitupia. "Basi jitande vizuri. Mshenga gani anakwenda na bisibisi mfukoni."

Jumatano alasiri wakwe wote watatu walikuwepo baraza, wamekuja kushughulikia maturubai na viti. Nikatoka nimejitanda, nina sahani ya halua. Bi Rukia alikuwa ndani nyuma ya pazia, na rasmi hakuwepo. Wakainuka wote. "Shikamoo, Mama Fundi."

"Marahaba, wanangu. Leo msiniite fundi. Nimetumwa."

Wakatazamana. Twaha, mkubwa wao, akasogea. "Kheri?"

"Kheri tupu. Nimetoka kwa watu wanaowapenda na kuwaheshimu. Wanasema zawadi mlizoleta zimepokewa kwa mikono miwili. Lakini nyumba ni ndogo, walinzi wamekuwa wengi, na wanakanyagana mlangoni. Nimekuja kuomba idhini, wawili kati yao wapumzike."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Salimu ndiye aliyeelewa kwanza. "Ni kompyuta?"

"Ni kompyuta."

"Aah, basi ibaki yangu," akasema mwalimu. "Yangu inasifika."

"Inasifika wapi, yakhe?" Twaha akadakia. "Mimi nauza hizi dukani, najua. Ibaki yangu, nilitangulia."

Bakari akasema taratibu, "Yangu ndiyo mpya," na kaka zake wote wawili wakamgeukia kwa macho ya kusema wewe ngoja kwanza uoe.

Walibishana pale mpaka halua ikaisha. Nyuma ya pazia kikohozi kikazidi, sasa kimekuwa kama cha mgonjwa. Nikaona nikiendelea na lugha ya kishenga tutafika Ijumaa. Nikashusha kanga mabegani, nikasema kwa Kiswahili cha kawaida.

"Sikilizeni. Twaha, siku yako ya akdi, unajua mama mkweo alikuwa wapi?"

"Si nyumbani?"

"Alikuwa kwenye pilau. Hakukuona. Salimu, yako pia hakuiona. Aliambiwa. Hii ya Bakari ndiyo ya mwisho, na kwa macho yake yalivyo, hicho kioo cha ndani ndicho pekee anachokiona. Walinzi wenu watatu wanaamka adhuhuri pamoja na kuikaba mashine. Ijumaa watamziba macho mama yenu wakati mtu anaulizwa kama amekubali."

Twaha aliangalia lile pazia, akaangalia chini. "Mama hakuona yangu?" akauliza, na huo ubishi wote ulikuwa umemtoka. "Mimi miaka yote najua aliona mahali, dirishani, popote." Akapangusa uso. "Toa yangu, Mama Fundi. Sasa hivi."

"Itoke yangu kwanza," akasema Salimu.

"Mimi ndiye mkubwa, natoka kwanza."

"Kwani hata kutoka kuna ukubwa?"

Na mimi nilikuwa nimeomba wawili tu! Bakari akabaki anapima upepo, halafu akaona hatari yake. Akibaki yeye, ataonekana mbishi kabla hata hajaoa. Akaruka, "Na yangu itoke! Zote zitoke!" Nikawaambia sawa, mashine yenyewe ina ulinzi wake wa kuzaliwa nao, nikiuweka sawa unatosha, mradi mama asifungue barua za ajabu. Hapo nyuma ya pazia kikapigwa kigelegele kirefu, cha mtu aliyesahau kwamba hayupo.

Tukaingia ndani wote. Nilitoa moja moja na kuwasha upya baada ya kila moja, nanyi fanyeni hivyohivyo, msiwe na papara. Ya Salimu ilituuliza una hakika, una hakika kweli, hutajuta, mpaka Salimu mwenyewe akaiambia, "Nenda bwana, umeachwa." Ya Bakari ilitoka bila neno. Ya Twaha ikataka neno la siri. Twaha akasema hakumbuki. Nikamwambia basi hatuwezi. Akasema anakumbuka kidogo. Akainama kwenye kibodi, akajikinga kwa mkono kama mtoto kwenye mtihani, lakini Salimu ana shingo ndefu. Lilikuwa ni jina analomwita mkewe wakiwa wawili. Sitaliandika hapa, ila Salimu aliliimba mpaka Ijumaa, na Twaha alipomfuata uani na kiti cha plastiki nilifunga mlango nikaendelea na kazi.

Alhamisi adhuhuri tulikaa mimi na Bi Rukia mbele ya mashine, adhana ikalia, kitaa kikapepesa mara mbili tatu kikatulia. Bi Rukia alichelewesha swala yake kidogo ili aone, akaniomba nisimwambie mtu. Naomba radhi, shoga.

Ijumaa nyumba ilijaa. Wanawake wa Tongoni wamekuja na wa mjini wapo, sebule haina pa kuweka mguu, asumini na udi na pilau vyote vinanukia kwa pamoja. Mwanahamisi ndani na somo wake, mama anayemfunda, mikono imejaa hina. Mimi na mausi yangu nimekaa mbele kabisa kama dereva, na Bi Rukia kavutiwa kiti ubavuni mwangu, magoti yanagusa meza.

Picha ikaja. Msikiti, safu za watu, Bakari kavaa joho, katikati kabisa. "Namwona!" Bi Rukia akapiga kelele. "Namwona mpaka masharubu!" Shehe akasoma khutba. Ami yake Mwanahamisi, aliye badala ya baba, akamshika Bakari mkono. Tukasikia ami akisema, nimekuozesha Mwanahamisi kwa mahari mliyokubaliana.

Na picha ikasimama.

Bakari kakodoa macho, mdomo wazi, hatikisiki. Ami kamshika mkono, hatikisiki. Hakuna sauti. Bi Rukia akanishika paja, kucha zote tano. "Mama Fundi!" Nyuma mtu akasema inna lillahi. Mwingine akasema zima uwashe. Wallahi, niliona miaka yote ya kazi inamalizikia pale. Nikasukuma mausi. Kishale kikakimbia. Nikasukuma tena, kikakimbia tena, laini kabisa. Nikatazama juu ya picha. Feni la msikitini lilikuwa linazunguka.

"Si mashine!" nikapiga kelele. "Mashine nzima! Ni bwana harusi!"

Kijana kaingiwa na hofu, maneno yote yamempotea. Sebule ikalipuka kwa kicheko, watu wanaangukiana. Na palepale kwenye kioo tukaona mkono unatokea nyuma ya Bakari, mkono wa Salimu, ukamtia kidole cha mbavu. Bakari akashtuka, akameza mate, akasema kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka Tongoni bila intaneti, "Nimekubali!"

Vigelegele vilivyopigwa siwezi kuviandika. Mimi Mlutheri wa Muheza nilipiga kuliko wote. Bi Rukia hakupiga. Alikuwa kaegemea mbele, uso karibu uguse kioo, machozi yanamtiririka hajayafuta.

"Wawili nilihadithiwa," akasema. "Huyu nimemwona."

Hapo mtu akaja mbio kutoka uani na mwiko mkononi. "Bi Rukia! Bi Rukia, pilau linaungua!"

Hakugeuka hata kidogo.

"Liache liungue," akasema. "Mama Fundi, rudisha nyuma nione tena."